Waliokuja Kuutazama na Waliowaonyesha Njia: Habari za Msitu Wetu wa Amani



Mwaka jana, siku ya harambee yetu, mjukuu wa jirani yangu aliyezaliwa na kukulia Dar aliwaona wageni wawili wamesimama kando ya barabara. Darubini zao zilielekezwa kwenye kichaka kilichosongwa na mitambaa, na kwa karibu saa nzima hawakusogea. Mtoto akaniuliza, "Babu, hawa wanaangalia nini? Huku si hakuna simba?" Nikamwambia wanatafuta kandege kadogo ka kijivu chenye mdomo mrefu. Akacheka, akadhani babu anamtania. Kisha akauliza swali lililonikosesha jibu: "Sasa wewe unakijua?"

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na zaidi, karibu yote hapa hapa milimani. Niliwafundisha watoto mito ya Ulaya na vita vya huko. Kandege kile sikuwahi kukifundisha, wala mtu aliyekifuata kichakani akakileta mezani. Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika kijitabu cha mwaka huu, nikaona nilipe deni hilo.

Nianze na mambo ambayo watoto wetu wa mjini hawayajui. Msitu wa Amani uko kwenye Usambara ya Mashariki, nayo ni sehemu ya mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Mvua tunaipata kutoka Bahari ya Hindi, ambayo asubuhi yenye anga safi unaiona ukiwa kileleni Mbomole. Kwa kuwa mvua hiyo haikukatika kwa muda mrefu mno, msitu nao haukukatika. Nchi za chini zilipokauka, viumbe vingi vilibaki huku juu kama watu waliokimbilia kisiwani, na kila kilima kikawa na vyake. Ndiyo maana mtu anapanda ndege kutoka Uingereza, anazipita mbuga zote za wanyama wakubwa, anakuja kulala Amani kwenye ukungu ili amwone kinyonga.

Huyo kinyonga ana pembe tatu, sisi tulikuwa tukimkimbia tukiwa watoto. Kitaalamu anaitwa Trioceros deremensis, yaani wa Derema. Alipewa jina hilo mwaka 1892. Kwa hiyo jina la Derema liliingia katika vitabu vya sayansi vya Ulaya kabla hata shule haijajengwa kwetu.

Wajerumani walifika Derema mwaka 1891 kupanda kahawa. Waliona miti mirefu iliyofungamana, wakasema udongo unaoweza kuotesha miti kama hii hauna mfano. Wakafyeka na kupanda. Mavuno ya mwanzo yalileta tamaa, kisha mibuni ikaanza kudhoofika. Wazee wetu Wasambaa, waliokuwa wakilima migomba yao bila kuimaliza miti mikubwa, wangeweza kuwaeleza sababu kama wangeulizwa: rutuba ya msitu huu haiko chini kwenye udongo, iko kwenye majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena na mizizi kabla mvua haijayasomba. Ukiondoa miti, umeondoa ghala lenyewe, na linalobaki ni udongo mwekundu wenye uchachu. Chai ndiyo iliyokuja baadaye kuuvumilia uchachu huo, na ndiyo mnayoiona Kwamkoro na Monga hadi leo.

Karibu na wakati huo huo mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu. Akampelekea baba yake Ujerumani, na baba akampa mtaalamu wa bustani, Hermann Wendland. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo limewekwa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara, lakini wengi wao hawajui Usambara ni wapi. Huku kwetu linajiotea lenyewe kwenye miamba ya mabonde ya mto Zigi, tunalipita tukienda kuchota maji. Katika biashara yote hiyo ya maua, sijasikia hata senti moja iliyorudi kwenye mwamba lilikotoka.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilifungua Amani kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na mimea. Aliyekisimamia mwanzoni ni Franz Stuhlmann, na baada yake Albrecht Zimmermann. Walileta miti kutoka pembe zote za dunia yenye joto wakaipanda kuanzia bonde la Zigi hadi juu: mikwinini, mikafuri, mipira, midalasini, mianzi ya Asia, aina nyingi za minazi na matunda. Bustani ile ilihesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa barani Afrika. Mkipita pale penye mianzi mikubwa mnakopigia picha za harusi, jueni mnapita katikati ya shamba la majaribio la zaidi ya miaka mia moja.

Vitabu vinataja waliopanga bustani ile. Waliobeba miche mabegani kutoka Zigi kuipandisha mlima havikuwataja, nao walikuwa mamia. Wengine walikuwa Wasambaa na Wabondei, wengine waliletwa kutoka mbali, wakabaki, wakaoa, na ndio babu za baadhi yetu tunaosoma kijitabu hiki. Kama umewahi kujiuliza kwa nini kijiji kimoja cha mlimani kina koo za makabila mengi hivyo, chanzo kimojawapo ni miche ile.

Palikuwa pia na reli. Iliachana na reli kuu ya Tanga pale Tengeni, ikaingia bondeni hadi Zigi, zaidi ya kilomita ishirini, kazi yake ikiwa kuteremsha mbao. Reli yenyewe iling'olewa zamani, lakini nyumba ya msimamizi wa stesheni bado imesimama, ndiyo iliyofanywa kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi. Mgeni akifika langoni Zigi anapokelewa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuondoa magogo. Jambo hilo hunichekesha kila nikipita.

Vita Kuu ya Kwanza vilipofunga bahari, Amani iligeuzwa kiwanda. Magamba ya mikwinini ya Usambara yalitengenezwa dawa ya homa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani, pamoja na sabuni na vitu vingine ambavyo meli hazikuweza kuvileta tena. Waingereza walifika mwaka 1916. Baada ya miaka kadhaa ya kulegalega, kituo kikafufuliwa kuwa cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki nzima.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana kipindi hiki ndicho tunachokidharau na ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kila mtu wa pwani anaijua batobato ya muhogo: majani yanakunjamana, yanapata mabaka ya njano, mizizi inabaki midogo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa kituo cha Amani, H. H. Storey, alifanya kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo na virusi vyake, na pamoja na wenzake wakaanza kutafuta muhogo utakaouhimili. Waliupata kwa kuuchanganya muhogo wa kawaida na mti wa mpira, ule ule ulioletwa wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu. Walizalisha, wakachagua, wakazalisha tena, msimu baada ya msimu. Mbegu za machotara hao zilipelekwa hadi Nigeria, na kutoka kwenye uzao wake walianzia wataalamu wa Ibadan waliotengeneza aina zinazostahimili batobato miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo kuna watu Afrika Magharibi wanaokula gari na fufu kila siku kutokana na mihogo yenye asili ya Amani. Sisi wenyewe hatuna hata kibao kimoja cha kuonyesha shamba lilikuwa wapi.

Wakati huo huo alikuwapo Greenway, bwana mimea, aliyekusanya majina ya mimea kwa Kiswahili na kuyachapisha kama kamusi. Jina la mti halipatikani kwa darubini. Linapatikana kwa kumwuliza mtu anayeujua mti. Kila neno katika kamusi ile lina mdomo wa mzee fulani nyuma yake.

Ndipo tunamfikia kandege ketu. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza aitwaye Reginald Moreau. Hakuletwa kama mtaalamu wa ndege. Alikuwa karani wa hesabu aliyependa ndege, na alikaa hapa hadi miaka ya 1940 akaondoka akiwa miongoni mwa mabingwa wa ndege wa Afrika. Kile kijivu chenye mdomo mrefu kilitangazwa duniani mwaka 1931 kwa jina lake, Artisornis moreaui. Baadaye kikapotea machoni pa wataalamu kwa miaka mingi hata wakahofia kimekwisha, kisha kikaonekana tena hapa hapa, kwenye mitambaa ya kingo za msitu, karibu na nyumba na barabara. Dunia nzima kinajulikana kuwa huku kwetu na kwenye mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji.

Lakini Moreau hakuwa peke yake kichakani. Alifanya kazi na mtu anayeitwa Salimu Asmani. Salimu ndiye aliyekwenda msituni, akasikiliza, akafuata, akaleta. Alitumwa hata milima mingine kutafuta ndege. Watafiti wa historia wa siku hizi wamemwandika, na wanakubali kwamba ujuzi wa Moreau ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya macho na masikio ya Salimu. Yule bundi mkubwa wa Usambara ana jina la Vosseler, Mjerumani wa kituo. Ndege ana jina la Moreau. Ua lina jina la Saint Paul. Mti wetu wa msambu, ambao mbegu zake tumeziuza kwa ajili ya mafuta, umepewa jina la Stuhlmann. Nauliza tu: ni wangapi kati yetu tuliowahi kulisikia jina la Salimu Asmani kabla ya leo? Mimi nililisikia nikiwa nimeshastaafu, tena kutoka kwa mgeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya. Nyumba za mawe zikapata wapangaji wengine, watafiti wa malaria. Wengi wetu wenye mvi ni watoto wa kipindi hicho. Baba yangu alikuwa akishuka bondeni na wenzake kukamata mbu, akirudi na vichupa vimepangwa kwenye kisanduku kama mayai. Alijua aina za mbu kwa namna wanavyotua ukutani. Shuleni hakufika mbali, lakini vijana wenye digrii walimwuliza kabla ya kuandika. Kazi zilipohamia Muheza, maabara zikabaki kimya, na mafundi wale wakazeeka na ujuzi wao. Wamebaki wachache sana.

Misumeno nayo lazima niitaje. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo yaliteremshwa kutoka misitu yetu kwenda kiwanda cha mbao Tanga, kwa mashine zilizotokana na msaada wa Finland. Mitambo ilichana njia ndani ya msitu ambao haukuwahi kuona gurudumu. Wapasua mbao wa mkono wakafuata njia hizo hizo. Pale jua lilipoingia, mti wa kigeni wa Maesopsis, uliokuwa umepandwa tangu zamani, ukatamba. Hondohondo wanapenda matunda yake, wakawa wanaisambaza mbegu kila wanakotua. Makelele ya wataalamu na ya watu wa Tanga yakawa makubwa, maana mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga, na ukataji wa kiwanda ukasimamishwa katika miaka hiyo ya 1980. Kisha Finland ile ile ikagharimia kazi ya kuuhifadhi msitu. Siwalaumu, aliyekubali kosa akalipa ni afadhali kuliko aliyekaa kimya.

Mwaka 1997 Amani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, yenye hekta 8,380. Mwaka 2000 UNESCO ikaitambua Usambara ya Mashariki kuwa eneo la hifadhi hai la kimataifa. Tangu hapo wageni wa utalii wamekuwa wakija kwa idadi ndogo lakini bila kukoma: wa ndege, wa vipepeo, wa vinyonga na vyura, na wanafunzi wa vyuo.

Ushoroba wa Derema ulikuwa na kilio chake, na historia isiyokitaja itakuwa ya uongo. Ili msitu wa kusini uungane na wa kaskazini, mashamba ya iliki yaliyokuwa chini ya miti pale Derema yalitakiwa yaachwe. Wakulima zaidi ya elfu moja waliguswa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Mashina yake yalihesabiwa, akapewa karatasi, akaambiwa asipalilie tena. Akasubiri. Miaka ikapita kabla fedha hazijafika, na zilipofika iliki ilikuwa imeshamezwa na magugu na mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaacha shule. Nakubali kwamba ushoroba ulihitajika. Sikubali kwamba ilihitajika mtu asubiri namna ile. Kijana wetu anayemwongoza mgeni kupita Derema anapaswa kuyajua yote mawili, amweleze mgeni kinyonga na amweleze iliki.

Vipepeo navyo vilitupa matumaini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama na vijana wa vijiji vyetu walijifunza kuwalea vipepeo ndani ya vibanda vya neti na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Ilikuwa biashara inayotaka msitu ubaki, kwani bila mmea wa porini kiwavi hali. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na vipepeo wakaingia humo humo. Zuio lilikusudia wakubwa, likawafikia wadogo. Vibanda vikafunguka neti, na fedha za ada zikakatika katika nyumba nyingi ninazozijua kwa majina.

Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya mradi wa mwaka huu ulioelezwa kwenye ukurasa wa michango. Chama kimeamua mambo mawili. Kwanza, kuwalipia vijana wa vijiji vinavyozunguka hifadhi mafunzo ya kuongoza wageni, pamoja na darubini na viatu vya mpira, maana mguu wa ndala hauwezi masika. Pili, kukusanya habari kutoka kwa wazee waliofanya kazi kituoni, bustanini, maabara na kwenye mashamba ya chai, na kuzichapisha katika kitabu kidogo cha Kiswahili kitakachouzwa kwa mgeni na kusomwa shuleni. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Barabara tunaweza kuichangia mwaka kesho, itakuwa bado mbovu. Mzee aliyejua mbu kwa mtuo wao hatakuwapo mwaka kesho. Tangu harambee iliyopita tumezika wawili.

Wapo watakaosema utalii wa Amani ni mdogo, hauwezi kulisha watu. Ni kweli kwamba hautakuwa Serengeti, na mimi sitaki uwe. Kijana mmoja aliyepata wageni wachache kwa mwezi, akilipwa vizuri kwa sababu anajua kumwita ndege na kueleza mwanzo wa shamba la muhogo, hahitaji kupasua mbao usiku. Hesabu yake ni hiyo tu.

Nawaomba pia mje wenyewe. Wengi wetu tunakuja kwa misiba, tunazika, tunageuza gari kabla giza halijaingia. Msimu huu, ukija harambee, lala. Mchukue mwanao mteremke Zigi asubuhi na mapema, mkapande kwa miguu njia ya bustani. Mtawasikia mbega kabla ya kuwaona. Ua la zambarau mtalikuta kwenye mwamba wenye maji, msilichume.

Yule mtoto nimemwahidi kwamba akija tena tutakaa naye kichakani mpaka kandege kajitokeze. Baba yake ameniambia kwa simu kwamba amekwisha nunua darubini ya plastiki Kariakoo, na kila siku anawaelekezea kunguru wa mtaani kwao.